Funguo za Ghorofa ya Tatu

Jumamosi ya mwisho ya Septemba magari yalipanda kilima
moja nyuma ya jingine, viti vya nyuma vimejaa
mito, kikaango kipya, gitaa, kapu la nguo,
na mama mmoja kutoka Wolverhampton
akipangusa kitasa cha mlango kwa kitambaa chenye dawa,
kitasa nilichokwisha kukipangusa mara mbili.
Sikumwambia. Nami ni mama.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimeusema msemo huo miaka kumi na tisa
kila nigawapo funguo.
Mwaka huu ulinikwama kooni
kama mwiba wa samaki.

Maana nyumbani, bonde la pili kutoka hapa,
yuko Gwilym, aliyepasua mawe ya kuezekea
tangu ana miaka kumi na sita.
Vumbi lile halikutoka. Limekaa mapafuni
kama mpangaji asiyelipa kodi wala kuhama.
Usiku namsikiliza akivuta pumzi
kama avutaye ndoo kutoka kisima kirefu,
na kila mara nangoja ndoo ifike juu.

Chuo kilituletea barua. Barua nzuri.
Ilitaja usalama mara saba, nilihesabu.
Ilisema mita mbili. Korido yangu haina mita mbili:
nikinyoosha mikono nagusa kuta zote,
wa kushoto kwa kiganja, wa kulia kwa mpini wa ufagio.

Mjini wenye baa walimshukuru Mungu,
mwenye duka la chipsi aliajiri kijana,
na jirani yangu Nerys akaacha kwenda sokoni.
"Wanakuja na masanduku," alisema juu ya ua,
"na ndani ya masanduku mna nini?"
Nikasema, soksi.
Akanitazama kama niliyemuuza.

Basi nguo za kazi nikawa nazivulia kwenye banda la makaa,
baridi ikinitafuna mabega, kwa umri huu,
kisha naingia nyumbani kwangu kama mwizi,
nanawa hadi viwiko,
nalala chumba alichokiacha binti yetu,
ukuta kati yangu na ile ndoo.

Siku ya tisa wakaifunga ghorofa ya tatu.
Wanane ndani, siku kumi na nne, hakuna kutoka.
Usiku wa kwanza walipiga muziki. Wa pili pia.
Wa tatu, nikipita chini na mifuko ya taka, nilisikia mmoja akikohoa
na ukimya wa wale saba wakimsikiliza.
Ukimya ule naujua.

Nilikuwa nimewaandalia hasira, nakiri.
Niliipika ikaiva. Lakini nilipoinama kuweka chakula
mlangoni, mkate, supu ya kopo, tufaha lililobonyea,
karatasi ilichungulia kwa chini:
*Samahani, shati likiingia mchuzi linafuliwaje kwenye sinki?
Na ule mlima mbele ya dirisha langu unaitwaje?
Priyesh.*

Nikasimama pale na glavu zangu, barakoa imelowa.
Miaka kumi na minane, hajui kufua,
hajui jina la kitu kikubwa kuliko vyote anavyoviona.
Nikaandika: maji baridi kwanza, sabuni baadaye.
Nikaandika jina la mlima, na kwa kuwa ni la Kiwelisi
na lingemvunja meno, nikamkatia vipande vipande.
Sikuandika kwamba nusu ya mlima huo ilikwenda kuwa mapaa ya watu,
na kiasi chake kimo kifuani mwa mume wangu.

Jioni Gwilym aliuliza kupitia ukutani,
"Hawajambo watoto wako?"
Wanakohoa, nikasema.
Akavuta ndoo yake. Ilichukua muda.
"Wafungulie madirisha."
Nikamwambia madirisha yale hufunguka upana wa kiganja tu,
tuliyafunga hivyo zamani,
wasije wakaanguka.